"Tumekula Miaka Yote na Hatukufa": Kwa Nini Baadhi Yetu Tunaukataa Ushahidi?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.



Miongoni mwa maswali yaliyotufikia, lipo moja lililotushughulisha kuliko mengine. Limetoka kwa mama aliyeolewa katika kijiji cha wavuvi. Anasema baba mkwe wake alileta nyama ya kasa nyumbani, ikapikwa, yeye akakataa kuila na akawazuia watoto wake wasiile. Mzee alikasirika. Alimwambia kuwa yeye amekula kasa tangu yuko mdogo na bado yu hai, kuwa wazee wake walikula na wamekufa kwa uzee, na kuwa maneno ya sumu ni hadithi za watu wa serikali wanaowalinda kasa kwa ajili ya watalii. Mume alikuwapo, akanyamaza. Mama huyu anauliza mambo mawili. Je, amepata dhambi kwa kumkatalia mzee wake mbele ya watu? Na inakuwaje mtu mzima, anayesali safu ya mbele, aambiwe kuwa watoto wamekufa na bado asiamini?

Suala la kwanza ni la fiqhi, na jawabu yake tutaitoa mwishoni. Suala la pili ndilo tunalotaka kulizungumza kwa urefu, kwa sababu halimhusu mzee huyo peke yake. Linatuhusu sisi sote tunaoishi visiwani.

Yaliyotokea

Tuanze na yale yaliyothibiti. Siku ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, zikiwa zimebaki siku chache kuingia Ramadhani, familia katika Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani, Pemba, zilikula nyama ya kasa. Kabla ya wiki kumalizika, watoto 8 na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao, walikuwa wamefariki dunia. Watu wengine 78 walilazwa hospitali. Vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa walioathirika wote walikuwa wamekula nyama ya kasa. Serikali ilipeleka timu ya maafa na kuwataka wananchi waache kumla.

Hilo halikuwa tukio la mwanzo. Mwezi wa Novemba 2021, hapo hapo Pemba, watu 7 walifariki baada ya kula kasa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3. Kati ya msiba ule na huu ilipita miaka miwili na miezi kidogo. Wala si Pemba peke yake. Madagascar, India, Sri Lanka na visiwa vya Bahari ya Pasifiki wana kumbukumbu za misiba ya namna hii. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu 3 walifariki kusini mwa Ufilipino, na zaidi ya 30 wakalazwa, kwa sababu hiyo hiyo.

Wataalamu wanaeleza kuwa kasa hazaliwi na sumu. Inaaminika kuwa huipata kwa vile anavyokula baharini, hasa mimea midogo sana ya majini yenye sumu, ambayo hukusanyika mwilini mwake. Kwa hivyo kasa mmoja huwa nayo na mwengine hana, na kasa wa bahari moja huweza kuwa salama mwaka huu na mwakani akaua. Sumu hiyo haina rangi, harufu wala ladha ya kumwambia mpishi kuwa ipo. Haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Watoto ndio wanaoathirika zaidi. Imeshuhudiwa pia kuwa mama anayenyonyesha akiila, mtoto hupata madhara kwa njia ya maziwa. Na haina dawa ya kuivunja. Madaktari hutibu dalili na kumsaidia mgonjwa mpaka mwili wake wenyewe ushinde, Allah akijaalia.

Haya si mambo ya siri. Yalitangazwa redioni na mitandaoni. Hata hivyo wapo ndugu zetu wanaojua majina ya waliokufa, na wengine waliobeba majeneza, ambao bado wanasema kuwa kilichoua si kasa. Mmoja anasema ni uchawi. Mwengine anasema nyama ilitiwa sumu na mtu mwenye husuda. Wa tatu anasema siku yao ilikuwa imefika tu. Tutazame, bila ya kumtukana mtu, kwa nini inakuwa hivyo.

Sababu ya kwanza: macho yetu yanaona upande mmoja

Tusifanye haraka kumwita mzee yule mjinga. Anaposema kuwa amekula miaka yote na hakufa, anasema kweli. Amekula kasa mara nyingi, na mara zote walikuwa wale wasio na sumu. Kosa lake liko katika hukumu aliyoitoa kwenye ukweli huo.

Anayekaa barazani akisimulia kuwa alikula na hakudhurika ni yule aliyepona. Aliyekufa haji barazani kutoa ushahidi wake. Mtoto wa miaka 3 aliyezikwa mwaka 2021 hatakuja kumjibu mzee wa miaka 70. Kwa hivyo kila siku tunasikia ushahidi wa upande mmoja, na kila ukirudiwa unazidi kuonekana mzito. Ni kama mtu anayevuka mkondo kwa chombo kibovu mara ishirini akasalimika, akasema chombo ni kizima. Chombo ni kibovu. Alichokipata ni salama ya Mola wake, na haikuwa dalili ya kuwa mbao ni nzima.

Wavuvi wetu wana elimu ambayo wengi wetu hatuna. Wanajua kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, wanajua samaki gani anapatikana wapi na mwezi gani. Katika hayo wao ndio wa kuulizwa. Lakini mvuvi mmoja anaona diko lake. Daktari anapokea wagonjwa wa vijiji vingi, anaandika nani alikula nini na saa ngapi, anapeleka sampuli maabara, kisha analinganisha na yaliyoandikwa nchi nyengine. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratun Nahl, aya ya 43, tuwaulize wenye ujuzi ikiwa sisi hatujui. Wanavyuoni wetu wamekwenda na maana hiyo katika kila fani: katika suala la maradhi hutegemewa kauli ya tabibu mjuzi, mpaka kwenye mgonjwa kuacha maji akatayamamu au kula mchana wa Ramadhani. Vipi basi tumwamini tabibu katika udhu wetu na saumu yetu, tusimwamini katika chungu chetu?

Sababu ya pili: uzito wa kukiri

Jambo la pili ni zito zaidi na linauma. Mtu akikubali leo kuwa nyama hii inaua, anakuwa amekubali kuwa jana aliwalisha wanawe kitu cha hatari. Kama nyumbani kwake pana msiba, anakuwa amekubali kuwa ni mkono wake uliouleta. Ni baba gani atakayeubeba mzigo huo kwa wepesi? Uchawi ni mwepesi kuubeba kwa sababu mwenye kosa ni mtu mwengine. Katika hali kama hiyo, kumrundikia mtu ushahidi hakumfungui. Pengine kunamzidishia kujifunga.

Qur-ani imeyaeleza maradhi haya kabla ya sisi kuyaona. Katika Suratun Naml, aya ya 14, Allah (S.W.) anatueleza habari za Firauni na watu wake, kwamba walizikanusha ishara hali ya kuwa nafsi zao zina yakini nazo, na kilichowafanya wakanushe ni dhulma na kujiona wakubwa. Hatusemi kuwa ndugu zetu ni Firauni, tunajilinda kwa Allah. Tunasema kuwa ujuzi wa moyoni na kukiri kwa ulimi ni mambo mawili, na baina yake kuna nafsi. Na katika Suratul Baqara, aya ya 170, amewalaumu wale wanaoitwa kwenye kilichoteremshwa wakajibu kuwa wao watafuata waliyowakuta nayo baba zao, hata kama baba hao hawakuwa na ufahamu katika jambo lile.

Tumeziheshimu desturi za wazee wetu na tutaendelea kuziheshimu. Lakini kuwaheshimu si kudai kuwa hawakukosea. Wao walikula kwa walichokijua, na hawana lawama kwa ambalo halikuwafikia. Sisi limetufikia.

Sababu ya tatu: aliyetuletea habari hatumwamini

Hapa patahitaji insafu, kwa sababu wenye kukosa si wananchi peke yao.

Kwa miaka mingi mwananchi wa kijiji cha wavuvi amesikia habari za kasa kutoka kwa watu wa aina moja: wanaomwambia kuwa kasa analindwa na sheria, na kuwa akimvua atashitakiwa. Mvuvi akaona kuwa kasa ana mtetezi na yeye hana. Kisha mdomo ule ule ukaja kumwambia kuwa kasa ana sumu. Ni jambo la karibu sana kwa mtu huyo kufikiri kuwa sumu ni njia mpya ya kumtisha. Habari ya uhifadhi na habari ya uhai wa mtoto zimefungwa katika kifurushi kimoja, na aliyekikataa kifurushi amezikataa zote mbili.

Tena tumepitishwa katika mambo yanayomfundisha mtu kutoamini. Hatujasahau wakati wa korona. Mwezi wa Mei 2020 nchi yetu iliacha kutoa takwimu, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509, na tukaambiwa kuwa maradhi yameondoka. Mwanzoni mwa 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alipougua, chama chake kilitangaza wazi kuwa ni korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, Allah amrehemu. Mwezi wa Julai mwaka huo huo chanjo zikazinduliwa, na watu walioambiwa mwaka uliopita kuwa hakuna maradhi wakaambiwa sasa wachanje. Baadhi yao walikataa, na hakuna wa kushangaa. Imani ya watu ni amana. Ikivunjwa katika jambo moja, hata kweli itakayokuja baadaye itapokelewa kwa wasiwasi.

Yote hayo ni kweli, na bado hayampi Muislamu ruhusa ya kuikataa kila habari. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuichunguze habari inayoletwa na mtu fasiki. Imetuamrisha kuchunguza, haikutuamrisha kuitupa. Na katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abu Hurayra (R.A.) alipokuwa akilinda Zaka ya Ramadhani, akaja mwizi usiku, na mwisho mwizi yule akamfundisha kusoma Ayatul Kursiy anapotaka kulala. Mtume (S.A.W.) alimjulisha kuwa aliyemfundisha ni shetani, na kuwa katika hilo amemwambia kweli ingawa ni muongo. Ikiwa kweli ilipokelewa hata ilipopita katika ulimi wa shetani, baada ya kupimwa, itakuwaje sisi tuikatae kwa sababu imepita katika ulimi wa ofisa wa uvuvi?

La kusikitisha ni kuwa wengi wanaosema hawamwamini daktari wanaamini sauti iliyotumwa kwenye WhatsApp na mtu wasiyemjua. Sisi ni umma uliofundishwa isnadi. Chuoni tulifundishwa, na chuo kikuu tukafundishwa tena kwa upana, kuwa wanavyuoni wa Hadithi waliuliza juu ya kila msimulizi: ni nani, alizaliwa lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ikoje, amewahi kusema uongo? Walisafiri miezi kwa ajili ya Hadithi moja. Leo mjukuu wao anapokea sauti isiyo na jina wala tarehe wala mahali, inayosema kuwa hospitali inaficha jambo, na kabla haijamalizika ameshaipeleka kwa watu hamsini.

Sababu ya nne: kitoweo

Ni rahisi kwa sisi wenye mishahara kuzungumza habari ya ushahidi. Kwa nyumba ambayo bahari imechafuka na mvuvi amerudi mikono mitupu siku ya tatu, kasa mmoja ni kitoweo cha ukoo mzima. Tena nyama yake hugawiwa, na jirani anayepelekewa sahani huiona kuwa ni wema aliotendewa. Kuikataa ni kama kumkataa jirani. Mtu mwenye njaa, na mwenye kuuthamini udugu, atakuwa mwepesi kuamini kinachomruhusu kula kuliko kinachomzuia. Kwa hivyo anayetaka kijiji kiache kasa aulize pia kijiji kitakula nini, na wenye uwezo katika sisi tujue kuwa sadaka ya samaki au maharage kwa jirani inaweza kuwa sababu ya kuokoa maisha.

Sababu ya tano: kuisingizia dini

Hii ndiyo inayotuhusu sisi tunaopanda mimbari. Anayesema kuwa siku yao ilifika amesema neno la haki. Hakuna afaye ila kwa ajali yake, na hilo ni katika imani yetu. Lakini neno la haki likitumiwa kuzuia watu wasichukue sababu, limewekwa pasipokuwa pahala pake.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari kuwa kuna tauni huko. Akashauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.), naye ni katika kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na Hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kukataza kuingia katika nchi yenye tauni na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah. Hakuna aliyesema kuwa imani ya Umar ilikuwa dhaifu kwa sababu alisikiliza habari ya maradhi.

Na tutazame mfano mkubwa kuliko huo. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema kuwa limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Baba aliyetoka kumzika mwanawe angeweza kunyamaza, na watu wangezidi kumtukuza. Mtume (S.A.W.) hakunyamaza. Aliwaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, akawaamrisha kusali na kuomba dua. Alikataa watu waamini jambo lisilo la kweli, hata pale ambapo jambo hilo lilikuwa linampandisha yeye. Huo ndio mwendo wetu. Dini ya haki haihitaji kulindwa kwa habari isiyothibiti.

Tuseme na letu. Baada ya msiba wa 2021 sisi wengi tulitoa rambirambi, tukasoma dua, tukawaombea marehemu. Khutba za Ijumaa zilizofuata tulizungumza mambo mengine. Tuliona kuwa habari ya kasa ni kazi ya watu wa afya na watu wa uvuvi. Tulikuwa na masikio ya watu kila wiki, tena watu ambao hawamsikilizi ofisa lakini wanamsikiliza imamu wao, na hatukuyatumia. Kisha ikaja Machi 2024. Hatusemi kuwa khutba ingeizuia qadari. Tunasema kuwa tungekuwa tumetimiza wajibu, na hatukutimiza. Tunamuomba Allah msamaha, na makala haya ni sehemu ya kurekebisha.

Jawabu ya suali

Ama hukumu ya nyama ya kasa: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wanavyuoni wengi wameipa nguvu kauli ya kuwa si halali, ingawa ndani ya madhehebu ipo kauli nyengine, na wapo Maimamu wa madhehebu nyengine walioihalalisha. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaoitumia khilafu hiyo kuwa ndiyo hoja yao. Lakini khilafu hiyo ni juu ya mnyama mwenyewe pasipo madhara. Kitu kinachoua au kinachodhuru hakina khilafu. Wanavyuoni wamekubaliana kuwa ni haramu kula chenye kudhuru, na dalili zake ni pamoja na makatazo ya kujiua na ya kujitia katika maangamizi, katika Suratun Nisaa aya ya 29 na Suratul Baqara aya ya 195, na Hadithi mashuhuri inayokataza mtu kujidhuru na kudhuru wengine. Na kwa kuwa hakuna awezaye kumtambua kasa mwenye sumu kwa kumtazama, na madhara yake ni kifo, na walio karibu zaidi kufa ni watoto wasio na uwezo wa kujiamulia, jawabu yetu ni kuwa haijuzu kumla katika hali hii, wala kumuuza, wala kumpelekea jirani.

Ama mama aliyeuliza: hukupata dhambi, binti yetu. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na kumlinda mtoto ni wajibu wako kabla ya kumridhisha mkwe. Mume wako naye asinyamaze tena, kwani yeye ndiye mchunga wa nyumba yake na ataulizwa.

Lakini namna ya kusema ina adabu yake. Someni Suratu Maryam kuanzia aya ya 42 muone Nabii Ibrahim (A.S.) alivyomwambia baba yake. Alimwita kwa neno la upole la mtoto kwa mzazi, tena na tena, akamjulisha kuwa imemfikia elimu ambayo yeye baba haijamfikia. Hakumwita mjinga, na hakumtangaza mbele za watu. Na mzee wenu mfuateni hivyo. Mwendeeni faragha, mumsalimie, mumuulize hali. Mkirini kuwa alikula na hakudhurika, kwa sababu ni kweli. Mwambieni kuwa wazee hawana lawama kwa lisilowafikia. Kisha mumuombe jambo moja tu, kwamba ikiwa yeye hajashawishika, awaachie wajukuu. Mpelekeeni pia mtu anayemwamini: imamu wa msikiti wake, au mvuvi mwenzake aliyeacha. Mtu hukubali mapema zaidi kama amepewa mlango wa kutokea bila ya kuaibika.

Nasaha kwa familia

1. Msile kasa wala ng'amba, hata akiletwa na mtu mnayemwamini, hata kama wengine wamekula wakawa salama.

2. Ikitokea mtu amekula, apelekwe kituo cha afya au hospitali haraka, na waliokula naye pia, hata kama hawajahisi kitu. Dalili huweza kuchelewa masaa au siku: kutapika, kuwashwa au kuungua mdomo na koo, vidonda mdomoni, usingizi usio wa kawaida. Mama anayenyonyesha aseme kuwa ananyonyesha.

3. Mwambieni daktari ukweli wa kilicholiwa. Khofu ya sheria isimfanye mtu akafiche jambo ambalo uhai wa mwanawe umo ndani yake.

4. Kisomo na dua ni katika sababu, na hospitali ni katika sababu. Someni njiani mkienda, msisome nyumbani mkisubiri.

5. Habari yoyote ya afya ikija kwenye simu, ulizeni: aliyesema ni nani, amejuaje, na nani mwengine amethibitisha? Ikikosa majibu, isitoke kwenye simu yako.

Kwa maimamu na walimu wenzetu wa madrasa, tunaomba jambo hili lisemwe mimbarini na chuoni, kabla ya msiba na si baada yake. Na kwa wahusika serikalini tunaomba habari ya uhai wa watoto isichanganywe na vitisho vya kesi, na wanaopeleka habari hiyo wawe watu ambao vijiji vinawajua.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliotangulia, awape subira wazee wao, na atujaalie tuwe wenye kuikubali haki inapotudhihirikia, hata inapokuwa nzito kwa nafsi zetu. Amin.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.